Rangi inasingiziwa bure: makosa ya foamu yanayotokea kabla hujashika brashi

Dogo mmoja wa mtaani kaniletea ngao yake ya kosplei (ile michezo ya kuvaa kama wahusika wa katuni na sinema), kaificha kwenye kiroba cha unga kama mtu aliyeiba kuku, kuitoa hivi rangi ya fedha imepasuka pasuka kama tope la bwawani kiangazi. Swali la kwanza, "bro nimeuziwa rangi feki eti?" Nikaibonyeza kwa dole gumba, ikabonyea, rangi ikatoa mlio wa ganda la yai. Rangi haikuwa feki bana. Alichofanya kapiga puti ya ukutani juu ya mkeka wa watoto, kitu kigumu juu ya kitu laini, hapo hata angeletewa rangi ya kupaka ndege ingepasuka tu.

Mi natengeneza panga, ngao, helmeti na mabawa, za maigizo ya shule, za video, na siku hizi zaidi za hawa vijana wa kosplei, na malalamiko karibu yote yanayokuja kwangu yanaanza na neno rangi. Ila rangi ni mbea tu, inatangaza ulichofanya chini yake. So tukianza kutafuta mchawi tuanzie chini.

Kabla ya yote, hiyo foamu yako ni ipi?

Hapa usiruke, maana dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Ile mikeka ya watoto ya kuunganisha, yenye herufi na namba, ni EVA, jamaa moja na yeboyebo unazovaa bafuni. Ukiikunja inakunjika, ukibonyeza kwa ukucha alama inarudi taratibu. Ndani ina vyumba vidogo vidogo vilivyofungwa kila kimoja kivyake, kwa hiyo maji hayapenyi mpaka ndani, yanaishia kwenye vyumba ulivyopasua kwa kisu au msasa.

Ile nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV, ukivunja inamwaga punje kama bisi zinazong'ang'ania nguo, hiyo ni polistirini. Ina ndugu yake aliyeshindiliwa asiye na punje, mbao zake mara nyingi za bluu au pinki, tabia ni zile zile. Afu kuna sponji ya godoro, hiyo vitundu vimeungana inakunywa kila kitu. Na ile ya kopo ya kupuliza wanayozibia mafundi aluminiamu pembeni ya madirisha ni poliyurethani kama godoro ila imekakamaa, juu ina ganda zuri, ukishalikata tu ganda unakutana na mapango.

Kama huna uhakika kata kipande cha takataka utoke nacho nje, kidondoshee tone la thina. Kikizama shimo hapo hapo unaangalia, ni polistirini. Usichome na kibiriti kupima, moshi wake sio wa kuchezea.

Nimepiga spreya, foamu imeliwa

Hii ilinipata mwenyewe kwenye kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Taji la mfalme la igizo la shule, nimelichonga wiki nzima kutoka kwenye foamu ya boksi la friji, usiku wa kuamkia onyesho nikapiga spreya ya dhahabu. Nikasikia mlio mdogo kama soda iliyofunguliwa. Kurudi na tochi, ncha tatu hazipo na upande mmoja una mashimo kama mchwa wamefanya kikao. Mfalme alivaa kilemba kesho yake, watu wakapiga makofi, mi nilikuwa nyuma ya pazia nimeinamia magoti.

Sababu ni kwamba rangi ya spreya ya kawaida imebeba viyeyusho, asetoni, tolueni na wenzao, na polistirini kwa hivyo vitu inayeyuka kama sukari kwenye chai. Sio spreya peke yake. Gundi ya njano ya mafundi viatu inafanya hivyo hivyo. Resini ya poliesta ya mafundi wa faiba nayo ina stairini ndani, yani unaipaka upate ugumu, yenyewe inatafuna foamu, hapo ni epoksi tu inayofaa. Hata gundi ya moto ya bunduki ikiwa imechemka sana inachimba.

Kama imeshaliwa kidogo sio mwisho wa dunia. Kwangua sehemu iliyogeuka plastiki ngumu, jaza mashimo na puti nyepesi ya ukutani (kwa polistirini puti inakubali kwa sababu yenyewe haikunjiki), piga msasa namba 120 kwa mkono mwepesi. Afu nenda duka la dawa ununue bandeji ile ya nyavu, kata vipande, chovya kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyokatwa kwa maji kidogo, vika kitu chote vipande vikipandana. Tabaka mbili za bandeji zikikauka unapata ganda ambalo ukiligonga linasema ko-ko-ko, na mtoto akiliangusha jukwaani halivunjiki. Juu yake rangi ya maji ya ukutani mikono miwili kama andakoti. Hapo sasa spreya unaweza kupiga, kwa mikupuo myembamba, na bado kabla ya kupiga izungushe kwenye mwanga utafute penye doa jeupe la foamu linalochungulia. Tundu la pini linatosha, kiyeyusho kinaingia hapo kinakula kwa ndani na nje unaona kumebonyea tu bila kujua kwa nini.

Rangi inanywewa, inatoka na mabaka

Umepaka mara tatu na bado sehemu zingine zinang'aa na zingine kavu kama chaki. Mara nyingi ni EVA ambayo haijafungwa uso, au umeifunga katikati ukasahau kingo, na kingo ndo zenye njaa zaidi kwa sababu kisu kimepasua vyumba vyote vya pale.

Pima kwa tone la maji. Weka tone, hesabu mpaka thelathini, lifute. Pakibaki na doa jeusi jeusi la unyevu, pale hapajafungwa.

Dawa ni joto. Hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, kama unayo, au mwombe fundi simu bloa yake, ila ile mdomo wake mdogo utakesha. Drayya ya saluni mara nyingi haifiki joto la kutosha, usijichoshe. Pitisha hewa ya moto kwa mwendo wa mtu anayepiga pasi, usisimame sehemu moja. Uangalie uso kwa pembeni, utaona unabadilika ghafla kutoka ule wa vumbi vumbi kuwa na mng'ao kama ngozi iliyopakwa mafuta, na mikwaruzo midogo ya msasa inajifunga yenyewe. Hapo ndo umefika, songa mbele. Ukizidisha inaanza kujikunyata na kutoa mabaka ya kuungua, na mashimo ya chumvi chumvi kwenye uso. EVA inalegea kabla hata maji hayajachemka, haihitaji hasira. Fungua madirisha, na kama hitigani iko karibu na kopo la gundi ya viatu lililo wazi, basi umeshika kiberiti kwenye sheli, liondoe.

Mpangilio ni huu, joto kwanza, gundi ya kuunganisha baadaye. Wengi wanabandika kwanza afu wanapitisha moto juu ya viungo, gundi inalainika, kiungo kinafungua mdomo, wanarudi kusema gundi feki. Ukilazimika kurudia moto baada ya kuunganisha, pita haraka na mbali na mshono.

Kwa sponji ya godoro moto hautasaidia kitu, ile utaiunguza tu. Hiyo inataka lateksi ya maji, paka kwa kipande cha sponji kingine, tabaka la kwanza litanyonywa lote na ndo kazi yake. Inanuka amonia, machozi yatakutoka.

Inapasuka nikikunja mkono

Hii ndo ya dogo na ngao yake. Kanuni iko moja tu, kinachofunika lazima kicheze kama kinachofunikwa. Puti ya ukutani, puti ya magari, rangi ya mafuta iliyopakwa nene, hivyo vyote vikikauka vinakuwa kigae. Ukivipaka kwenye kinga ya mkono ya EVA, siku ya kwanza ukikunja kiwiko unasikia krr na huo ndo mwisho wake.

Kwa hiyo gawanya kazi yako vipande viwili kichwani, kinachokunjika na kisichokunjika. Kinachokunjika, kinga za mikono, mikanda, deraya ya kifuani, kipake kitu cha mpira. Plasti Dip ya spreya ndo inasifiwa sana, watu wa magari wanapaka rimu, mikupuo minne mitano myembamba, ukikosa au bei ikikushinda lateksi inakubali, na hata gundi ya mbao inakubali ikiwa myembamba. Rangi juu yake iwe akriliki. Kisichokunjika, kama helmeti au mpini, kipe kwanza kitu cha kukizuia kisikunjike, afu ndo ufikirie ganda gumu.

Jaribio la bure ni kupaka kipande cha ziada sambamba na kazi yenyewe, kila hatua, na kesho yake ukikunje mpaka kiguse pua kwa mkia. Kikipasuka umeokoa ngao.

Inabanduka kama nyoka anayejivua

Chukua selotepu ya karatasi, ibandike juu ya rangi, ikandamize, ivute kwa ghafla. Ikija na tabaka zima safi upande wa chini, tabaka halijawahi kushika. Ikija na unga unga, foamu yenyewe imechoka au hukufuta vumbi la msasa.

Uso wa EVA unakuja na utelezi wa kiwandani, na juu yake kuna mafuta ya mikono yako uliyokula nayo chipsi, tusidanganyane. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo kabla ya kukata, ikaushe kivulini. Baada ya moto, ule mng'ao niliousifia hapo juu nao ni utelezi, so kwangua kidogo sana kwa msasa namba 240 au ile nailoni ya kusugulia masufuria, kukata mng'ao tu, ukizidisha umefungua tena vyumba ulivyovifunga. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kuanzia hapo shika kazi kwa glavu au kwa kipande cha gazeti.

Kama ilishabanduka usipake juu yake, hata kama ni kipande kidogo. Vuta yote inayokubali kutoka. Najua inauma.

Siku tatu bado inanata

Hapa kuna wachawi kadhaa na wanafanana sura.

Kama ni gundi nyeupe, ni hali ya hewa na unene. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, wakati wa masika hewa yenyewe ni supu. Gundi nyeupe inakauka kwa maji kutoka, na kama hewa imeshiba maji yatatoka yaende wapi? Ukipaka nene, juu inafunga ngozi na chini inabaki maziwa. Ukiangalia utaona weupe weupe wa ukungu ndani yake, ikikauka vizuri inakuwa ya kioo. Mkono wa kwanza kata nusu gundi nusu maji, inayofuata punguza maji, paka kwa kipande cha sponji sio brashi, mikono mitano sita, na feni iwake. Usikae unaipiga msasa katikati, gundi hiyo ikipashwa na msuguano inageuka ulimbo na kuziba msasa wako wote, ikiwa na michirizi ifute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakomaa. Mod Podge, ile gundi ya kopo ya kazi za mikono, nayo ina tabia ya kubaki na unato kwenye joto la huku hata ikikauka, ndo maana watu wanaamka na alama za shuka kwenye helmeti.

Kama ulipaka mpira, Plasti Dip au lateksi, afu juu ukapaka rangi ya mafuta, basi kiyeyusho kimeingia kwenye mpira na kimekaa humo. Subiri wiki, wakati mwingine kinatoka. Kisipotoka paka akriliki juu uone, isiposhika vua mpira wote uanze upya, uzuri wake unavulika.

Kama ni epoksi au resini na inanata kama asali, uwiano wa resini na kigumishi chake ulikosea. Hii haisubiriwi. Epoksi ambayo haikupata mwenzake wa kutosha haitakuja kukauka hata ukiipeleka Dodoma. Na kuna mtego, chupa zingine uwiano wake ni wa ujazo na zingine wa uzito, ukisoma haraka unapima kwa kijiko kitu kilichotaka mizani. Kwangua, futa kwa spiriti, paka tabaka jipya lililopimwa sawa.

Mshono unaonekana, na rangi inakataa mahali pamoja tu

Mstari mmoja mwembamba rangi inakimbia, inajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgomba. Swali langu ni moja tu, uliziba mshono na nini? Na jibu ni silikoni, ile ya masinki. Hadwea wanakupa hiyo kwa sababu umesema nataka ya kuzibia. Silikoni haishiki rangi, ndo ilivyoumbwa, na ukiisugua kwa kidole unapaka mafuta yake pembeni pia. Hakuna primea ya kawaida itakayokuokoa, ikate yote kwa wembe mpaka kwenye foamu safi. Unachotaka ni kizibio cha akriliki, wauzaji wengine wanaiita hivyo hivyo silikoni ya kupaka rangi, we soma tyubu imeandikwa akriliki na inasafishwa kwa maji. Jaza, lainisha kwa kidole kilicholowa, siku nzima ikauke kwa sababu inasinyaa kidogo na utarudia.

Mshono wenyewe ukifunguka mdomo, shida ni haraka. Gundi ya viatu inapakwa pande zote mbili na kusubiriwa dakika kumi na kitu mpaka ukigusa kwa kidole haikufuati. Ikiwa mbichi haishiki. Supagluu usiitumie kwenye kiungo kinachokunjika, inaganda kioo kinakatika.

Upanga umelala, ngao imekuwa bakuli

Upanga wa EVA bila mfupa utalala tu, hakuna kupaka kutakakosimamisha. Mfupa rahisi ni bomba la PVC la nyaya za umeme, lile la milimita 20, kwa upanga mwembamba fimbo ya mbao au fito za alumini. Kosa ninaloona ni watu kulibandika bomba mwanzo na mwisho tu, katikati linacheza, rangi inapasuka pale pale katikati. Chimba mfereji kwenye foamu, laza bomba, gundi urefu wote, pande mbili za upanga zikilifumba kama sandwichi. Bomba la PVC linateleza, likwangue kwanza. Na lisiishie kwenye kitasa, kile kikingio cha mkono kati ya upanga na mpini, lipite mpaka ndani ya mpini, maana panapovunjika ni hapo penye kitasa kila siku.

Ngao kuwa bakuli ni kitu kingine kabisa na watu wanalaumu jua. Gundi nyeupe ikikauka inasinyaa, umepaka mbele tu, mbele inavuta, nyuma haina wa kuvuta. Paka na nyuma idadi ile ile, ilaze juu ya meza na tofali mbili zilizofunikwa gazeti usiku mzima. Ikiwa imeshajipinda sana, pasha moto polepole nyuma, inyooshe, ishikilie mpaka ipoe mkononi mwako. Jua nalo lina dhambi yake, usiache helmeti ya EVA kwenye gari lililofungwa saa saba mchana, utakuta imekaa kama chapati na gundi ya moto imeachia.

Malengelenge

Umepaka juani, au umetikisa kopo la gundi kama juisi. Hewa ndani ya foamu ikipata joto inatanuka na kusukuma tabaka bichi. Toboa kwa sindano, kandamiza, paka kivulini.

Kingine ambacho hakina kichwa chake. Gundi nyeupe ya kawaida ikilowa inalainika tena, so jasho la mkono ndani ya kinga linaifikia, na mvua ikikukuta kituoni ndo usiseme. Vanishi ya maji mikono miwili nje na mmoja ndani, na ndani bandika kitambaa. Na ile barakoa ya hospitali haizuii harufu ya thina, inazuia vumbi kidogo tu, ya viyeyusho ni ile yenye vichujio vya mkaa pembeni, au fanya kazi nje upepo ukiwa mgongoni.

Ngao ya dogo tumeilowesha, puti ikalegea, tumeikwangua kwa kijiko muda wa mpira mzima na dakika za nyongeza. Tumeipiga moto upya, imepata mikono mitatu ya gundi mbele na mitatu nyuma. Anakuja kila jioni kuuliza kama anaweza kupaka rangi, namwambia ibonyeze kwanza kwa ukucha. Leo mvua imeanza tena, kwa hiyo mkono wa nne utasubiri kesho.